Kasha Juu ya Meza ya Maua

Jumatatu, Machi 11

Idara mpya ya picha na tiba za nyuklia imeanza kazi, alitangaza mgeni rasmi leo saa sita na nusu mchana. Ratiba ilisema saa tatu asubuhi. Ninayo hapa mbele yangu, ina doa la mafuta, kwa sababu mwenzangu wa ukurasa wa michezo aliigeuza sahani.

Habari nimeshaituma, fupi na safi. Nimemwambia mhariri kuwa ni ya mwisho kutoka kwangu kuhusu idara hiyo. Mgonjwa wake wa kwanza ni dada yangu, na mwandishi haandiki habari za ndugu yake. Yaliyobaki nayaweka hapa.

Dada ni fundi cherehani. Ana uvimbe ulioanzia kwenye utumbo na sasa umezaa watoto kwenye ini. Haukui haraka, ila unamwaga homoni: uso unamchoma ghafla kama aliyefunua sufuria, moyo unakimbia, tumbo linamwendesha kutwa. Sindano ya kila mwezi ilikuwa inautuliza, sasa inashindwa. Tiba iliyobaki ni hii mpya, na mlango wake ni picha.

Daktari mkuu wa idara, ambaye kila mtu humwita Bingwa, alitueleza waandishi kwa ubao na kalamu tatu za rangi. Kuna kipande kidogo cha protini, peptidi, kinachotengenezwa kifanane na homoni fulani ya mwili. Seli za uvimbe wa aina hii zina vipokezi vingi vya kukidaka. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanifupishia.

"Kifungo na tundu lake, mdogo wangu. Uvimbe una matundu, dawa ndiyo kifungo. Wakitaka picha, wananing'iniza taa kwenye kifungo. Wakitaka kuuchoma, wananing'iniza moto. Kama matundu hayapo, hakuna kufunga."

Kwa hiyo picha ikiwaka, atapata tiba. Isipowaka, hapati.

Sasa sherehe. Dawa ya picha hutengenezwa asubuhi ile ile, hapo hapo hospitalini, kwa sababu mionzi yake haikai: kila baada ya saa moja na kidogo, nusu yake imekwisha. Leo kasha zito la madini ya risasi, la kuzuia mionzi, lenye sindano ya dada lilitoka maabara kabla ya saa tatu. Likawekwa kwenye meza ya mgeni rasmi katikati ya maua ya plastiki, likafungwa utepe, ili lionekane kwenye kamera. Mgeni rasmi hakuwepo. Alipokuja alitembezwa, akanywa chai, akapanda jukwaani. Akaikumbuka shule aliyosoma. Akamkumbuka mwalimu wake. Akamkumbuka mbuzi wa mwalimu wake. Kinasa sauti changu kina yote, na mbuzi yumo.

Muda wote huo dada alikaa pembeni ya hema kwenye kiti cha magurudumu asichokihitaji, na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Mwanamke mmoja wa maabara, mwenye koti jeupe, alikuwa akimvuta mkono mtu wa itifaki. Akafukuzwa, akarudi, akamvuta tena. Bila shaka alitaka naye atambulishwe. Watu wa namna hiyo hawakosekani.

Kuna choo maalumu cha wagonjwa waliokwisha kuchomwa dawa. Wageni walikitumia. Dada alipokwenda, sindano ikiwa tayari mwilini na tumbo lake likiwa kama lilivyo, alikuta maji yamekatika na kila kitu kimeachwa kinaelea. Alikisafisha kwanza, kwa mikono yake, ndipo akakitumia.

Mwenzangu wa michezo aliondoka na vitafunwa ndani ya mfuko wa kamera. Kamera aliivaa shingoni.

Jumatano, Machi 13

Mvua zimeanza. Nimehamia kwa dada mpaka haya yaishe. Mtaro wa nyuma unanuka.

Ijumaa, Machi 15

Mvua. Shuka tatu barazani kwenye kamba, hazikauki. Shemeji, mume wa dada, analala sebuleni kwenye godoro. Miaka thelathini ya ndoa. Tumbo la mke lilipoharibika, mwanaume akahama chumba. Asubuhi nilimpa chai bila kumtazama.

Jumanne, Machi 19

"Hafai kwa tiba," alisema Bingwa leo saa nne, kabla hatujakaa vizuri.

Chumba chake kina zulia, na yeye ana manukato ambayo mtu huyaonja kabla ya kuyanusa. Alikuwa ametoka kula. Alituonyesha picha kwenye kioo cha kompyuta: mwili wa kijivu, ini la kijivu, hakuna kilichowaka.

"Uvimbe haukuichukua dawa. Vipokezi ni vichache mno."

"Yaani sina matundu," alisema dada.

"Kwa lugha nyepesi, mama, ndiyo."

"Na hao watoto wake kwenye ini?"

"Wote hivyo hivyo. Tutaanza kemo, dawa kali ya saratani, Aprili 29. Si dawa nzuri sana kwa uvimbe wa aina hii, siwezi kukudanganya, ila ndiyo iliyopo."

Alisema maneno hayo akijichokonoa meno kwa kona ya kadi ya kliniki. Kadi ya dada. Kisha akamrudishia.

Mlangoni dada aliifuta kadi kwenye sketi yangu, si yake. "Wewe ndiye uliyesema ni daktari mzuri."

Ni kweli nilisema. Nilisema hata kwenye gazeti.

Ijumaa, Machi 22

Bango kubwa limesimamishwa nje ya lango la hospitali. Linaonyesha picha ya mwili mzima, ini limejaa nundu zinazong'aa kama makaa, na chini yake: MGONJWA WETU WA KWANZA. Dada alisimama kwenye mvua akalitazama. Mabega ya bango ni mapana, nyonga ni nyembamba, na katikati ya mapaja kuna kivuli ambacho dada hana.

"Wamenipa vyote nilivyonyimwa," alisema. "Uvimbe unaowaka na hicho."

Nilipiga simu ofisi ya uhusiano. Wamesema picha ni "ya mfano". Waliipata wapi? "Kwenye mtandao."

Jumatano, Machi 27

Mvua. Shuka nne.

Jumanne, Aprili 2

Dada ameanguka jikoni. Uso ulimchoma, akasema "ngoja kidogo", akaenda chini pamoja na sahani. Alipozinduka alikuwa amejichafua. Mtoto wa kaka yetu, aliyekuja kusalimia, alikunja pua na kutoka nje. Ana miaka arobaini, huyo mtoto. Nilimwogesha dada. Harufu ilikaa kwenye mikono yangu mpaka jioni, na nilichukia kwamba naisikia.

Jumamosi, Aprili 6

Mvua. Funza kwenye mtaro. Shuka nne.

Jumatatu, Aprili 8

Leo alfajiri nilikwenda uani kuteka maji na nikamkuta shemeji amechutama mbele ya beseni, suruali imekunjwa magotini, anasugua shuka kwa brashi. Povu lilikuwa la rangi nisiyotaka kuiandika.

Tulitazamana.

"Usimwambie," alisema. "Anajua anafua yule mama jirani."

"Na godoro la sebuleni, shemeji?"

"Kanifukuza yeye. Hataki nisikie harufu. Sebuleni ni karibu na mlango wa choo. Akitoka namwashia taa, halafu nafumba macho, najifanya nimelala." Alikamua shuka. "Miaka ishirini na miwili nimeendesha lori la samaki. Mimi wa kukimbia harufu?"

Nilishika ncha ya pili ya shuka tukaikamua pamoja. Chai ya leo nilimpa nikimtazama.

Ijumaa, Aprili 12

"Hii picha haina bandama," alisema leo daktari mmoja mzee wa hospitali nyingine ya mbali kidogo, ambaye kazi yake ni kusoma picha tu. Tulimpelekea ya dada kwenye diski. Kwa miwani yake minene, dada alikwisha kumpa jina kabla hatujakaa: Miwani.

"Dada yako alishawahi kutolewa bandama?"

"Bado ninalo, baba, na linanisumbua kama watu wengine," alijibu dada.

"Basi tazameni hapa." Aligusa kioo kwa kalamu. "Dawa hii huwasha bandama la kila mtu, mgonjwa au mzima. Huwasha na figo. Huku kote giza. Uvimbe ungekuwa umeikataa dawa, bandama lingewaka peke yake. Hapa hata bandama limezimika. Shida si ya mwili wa huyu mama. Dawa imefika imechoka."

Akasoma maandishi ya pembeni. Kompyuta, alisema, huambiwa kiasi cha dawa kilichoingia mwilini na saa kilipoingia, ndipo hupima mwanga. "Hapa imeambiwa kachomwa saa tatu, dawa ikiwa nzima."

"Saa tatu mgeni rasmi alikuwa hajafika," nilisema.

"Mgeni gani?"

Nilimweleza. Meza, maua, utepe. Alivua miwani akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nyumbani nimesikiliza hotuba nzima. Mbuzi anaingia saa sita na robo. Sindano ilikuwa bado kwenye kasha.

Jumatatu, Aprili 15

Nilimwendea Bingwa peke yangu, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakukana hata neno moja, na hilo ndilo lililonichefua zaidi.

"Inawezekana," alisema. "Siku ile kulikuwa na pilikapilika."

"Basi rudia picha."

"Ndugu yangu, kurudia ni kutangaza kwamba ya kwanza iliharibika. Ya kwanza aliizindua nani? Hebu niambie wewe, mtu wa habari."

"Na mgonjwa?"

"Tarehe yake ya kemo ipo." Alinisogezea bakuli la peremende. "Chukua."

Nilipofika nje nilinawa mikono kwenye maji ya mvua yaliyokuwa yakitiririka kutoka paani. Sikuwa nimeigusa peremende.

Jumatano, Aprili 17

Nimemfuata yule mwanamke wa koti jeupe. Ndiye mfamasia anayetengeneza dawa hiyo. Idara nzima humwita Mpishi. Alinizuia mlangoni mwa maabara.

"Siruhusiwi kuongea na waandishi."

"Nimekuja kama ndugu wa mgonjwa."

"Ndugu wa wagonjwa wana dirisha lao, mbele kushoto."

Ila hakuufunga mlango. Alisimama nao mkononi, akitazama viatu vyangu vilivyojaa tope. "Kachomwa saa ngapi?" niliuliza. Akaufunga. Nimemwandika: mwoga. Sijafuta.

Jumamosi, Aprili 20

Mvua. Shuka tano. Sabuni imekwisha, shemeji kanunua nyingine, ya harufu ya limau. Dada kasema jirani siku hizi ana maringo.

Jumanne, Aprili 23

Alhamisi Bingwa ana mkutano na waandishi kuhusu mafanikio ya idara. Nimeapa siandiki, na siulizi pia. Swali langu lingeonekana ni la damu. Nilimweleza mhariri kila kitu, nikampa kinasa sauti. Akasema atamtuma aliye na nafasi. Aliye na nafasi ni yule wa michezo, tunayemwita Mzee wa Mechi, yule wa vitafunwa.

Nikamwendea mezani kwake. Alikuwa anakula, makombo yamelala kwenye tumbo.

"Nimeisikiliza hotuba yote," alisema. "Yule mbuzi ni wa kweli?"

"Sijui."

"Kwa hiyo mechi imepangwa saa tatu, refa kachelewa, mchezaji kaingia jua la utosi, na karatasi inasema alianza kikosi cha kwanza." Alijipangusa kidevu. "Mimi nimetazama mechi za kupanga miaka mingi, bi mkubwa. Dada yako ataweza kuja?"

"Lazima akae karibu na choo."

"Basi tutamwekea kiti karibu na choo."

Sikuwahi kumpenda mtu huyu, na mikono yake ilikuwa na mafuta aliponishika bega. Niliuacha mkono ukae.

Alhamisi, Aprili 25

Sindano ya mgonjwa wa kwanza ilichomwa saa saba kasoro robo, alisema leo mfamasia wa idara, mbele ya kamera, bila kuulizwa yeye.

Nianze mwanzo. Ukumbi ulikuwa na harufu ya makoti yaliyolowa. Mimi nilisimama nyuma bila daftari. Dada alikaa karibu na mlango, shemeji amemshikia mkoba wenye nguo za kubadilisha. Bingwa alizungumzia mafanikio, nyuma yake imebandikwa ile picha ya bango, nundu zinawaka.

Mzee wa Mechi alinyoosha mkono.

"Mimi ni mtu wa mpira, Profesa, nivumilie. Mchezaji kaingia dakika ya themanini. Mwandishi wa mchezo kaandika aliingia dakika ya kwanza. Kocha kasoma karatasi, kasema huyu hajui kukimbia, tumwache. Kosa ni la mchezaji?"

Watu wakacheka. Bingwa naye akacheka, na vidole vyake vikaanza kupanga glasi mezani.

"Swali ni lipi, mzee wangu?"

"Mgonjwa wenu wa kwanza alichomwa dawa saa ngapi?"

"Hayo ni ya kitaalamu. Tena ni siri ya mgonjwa."

"Mgonjwa kaniruhusu. Yule pale."

Dada alipunga mkono. "Mimi ndiye yule wa kwenye picha," alisema akionyesha bango. "Nilipunguza mabega tu."

Safari hii Bingwa hakucheka. Alisema muda wa maswali umekwisha. Ndipo Mpishi, aliyekuwa safu ya pili, akasimama. Koti lile lile jeupe.

"Saa saba kasoro robo," alisema. "Niliitengeneza kwa ajili ya saa tatu. Ilipochomwa haikuwa imebaki hata sehemu ya kumi. Kompyuta iliandikiwa ya saa tatu kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye ratiba ya sherehe."

"Kaa chini," alisema Bingwa kwa sauti ya upole kabisa.

"Nimekaa tangu Machi."

Mzee wa Mechi akamuuliza kwa nini hakusema.

"Siku ile nilimwambia mtu wa itifaki mara mbili kwamba dawa inakufa mezani. Alisema nisiharibu shughuli ya watu. Baada ya hapo niliihofia kazi yangu. Sina sababu nyingine iliyo nzuri zaidi."

Nilikuwa nimemwona akimvuta mtu yule mkono. Nilikuwa nimeliona jambo lenyewe kwa macho yangu, nikaliandika kinyume.

Bingwa alitoka kwa mlango wa pembeni. Ili aufikie alilazimika kupita mbele ya dada, na alipompita alishika pua. Hakukuwa na harufu yoyote. Shemeji aliweka mkoba chini, akainuka. Dada akamvuta shati, naye akakaa.

Ijumaa, Aprili 26

Habari imetoka ukurasa wa pili, jina la Mzee wa Mechi, kila saa iko mahali pake. Saa tano hospitali ilipiga simu: kemo imesimamishwa, kutakuwa na "marudio ya kawaida". Hakuna aliyesema pole. Bango limefunikwa kwa turubai.

Ijumaa, Mei 3

Mpishi alilibeba kasha mwenyewe kutoka maabara mpaka kitandani, hakusimama hata kumsalimia mtu. Dada alimnyooshea mkono. "Haraka, mwanangu, kabla hajatokea mtu wa kushukuru."

Picha ilitoka kabla ya chakula cha mchana. Miwani aliombwa aje kuisoma, na alikuja. Bandama linawaka. Figo zinawaka. Na ini la dada limejaa nundu, nyingi kuliko za bango, zinang'aa moja kando ya moja, mpaka kwenye ukingo.

Shemeji alipiga makofi. Kisha akatazama tena kile alichokuwa anakipigia makofi, akaweka mikono mifukoni.

"Matundu yapo," alisema Miwani. "Tele."

Tumefurahi, na furaha yenyewe inatia kichefuchefu. Nilimuuliza kama nundu zilikuwa nyingi hivi Machi. Alisema uvimbe huu haukimbii, lakini pia haujalala.

Jumanne, Mei 7

Mvua imepungua. Shuka nne, na kwa mara ya kwanza zimekauka siku ile ile.

Bingwa bado ni mkuu wa idara. Ametuma ujumbe kwa ofisi yetu akiuliza kama siku ya tiba tungependa "picha chache za matumaini". Mhariri amenionyesha simu. Niliisogeza mbali kwa ncha ya kalamu.

Ijumaa, Mei 10

Mpishi alikuja nyumbani leo mchana kutueleza masharti, kwa hiari yake, viatu vyake vimejaa tope la mtaro wetu. Kifungo ni kile kile, alisema, ila kinachoning'inizwa sasa ni moto. Dawa hii haina pupa kama ile ya picha. Huchukua karibu wiki nzima kupungua nusu.

"Hiyo hata wangeihutubia ingevumilia," alisema dada.

"Hawataihutubia. Ufunguo wa choo pia ninao mimi."

Kisha masharti. Baada ya sindano dada atalala chumba chake peke yake kwa muda. Choo amwage maji mara mbili. Asikumbatie watoto. Nguo na shuka zake zifuliwe mbali na za wengine.

"Nani hufua hapa?" aliuliza Mpishi.

Nilitazama kikombe changu. Shemeji alitazama dari.

"Jirani," alisema dada. Alikuwa anakata uzi kwa meno, anapachika kifungo kwenye shati la shemeji. "Mwambieni jirani avae glavu. Na ile brashi aitupe, anunue yenye mpini. Mgongo wake si wa kuchutama tena."

Shemeji alikohoa. "Jirani kasikia."

"Na ile ya limau aendelee nayo."

Mpishi aliandika kila kitu kana kwamba jirani yupo.

Sindano ya kwanza kati ya nne ni Alhamisi, Mei 16, saa mbili asubuhi. Shemeji, Mzee wa Mechi na mimi tutakaa nje, barazani pa hospitali. Hakuna mwingine aliyealikwa.